Balozi wa Nyumba Kumi, Texas

Jumatatu ya tarehe 11 Desemba 2017, saa kumi na moja jioni ikiwa imeshapita, nilikuwa nimesimama kwenye kaunta ya benki na fomu mkononi, nikimwomba karani anigongee muhuri wa kiapo. Fomu zilikuwa zinafungwa saa kumi na mbili kamili. Karatasi ile ilikaa juu ya friji yangu wiki tatu nzima, imejazwa kila mahali, nami nikijua nimemaliza. Mchana ule ndipo binti yangu alipoisoma hadi chini akaniambia, "Mama, hapa wameandika uape mbele ya mthibitishaji." Karani aliniambia muda wa huduma hiyo umekwisha. Nikamweleza nagombea nini na saa ngapi mlango unafungwa. Akanitazama kidogo, akafungua droo, akatoa muhuri. Nilifika ofisi ya chama zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili, jasho linanitoka mwezi wa Desemba.

Naanzia hapo kwa sababu kila mwaka napigiwa simu na ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaotaka kuingia siasa za Marekani, wengine wa mrengo wangu, wengine wa mrengo wa pili. Wanauliza kuhusu hotuba na pesa. Mimi huwaambia kwanza: soma fomu mpaka mstari wa mwisho, siku ile ile uliyoichukua.

Nafasi niliyokuwa naomba ni uenyekiti wa prisinti katika chama cha Republican. Prisinti ndilo eneo dogo kuliko yote la uchaguzi. Kwa Mtanzania nitasema hivi: ni balozi wa nyumba kumi, isipokuwa nyumba zenyewe ni zaidi ya elfu moja, na huna mamlaka ya kuamua ugomvi wa mtu. Mwenyekiti wa prisinti halipwi hata senti. Anachaguliwa kwenye kura za maoni za chama kila baada ya miaka miwili. Kazi yake ni kuwajua wapiga kura wa chama mtaani kwake, kuwakumbusha siku ya kura, kutafuta watu wa kufanya kazi vituoni, na kukaa kwenye kamati ya chama ya kaunti, ambako kura yake ina uzito sawa na ya tajiri yeyote. Nafasi hizi nyingi hukaa wazi kwa sababu hakuna anayezitaka. Nilipolijua hilo sikulala.

Imani yangu ya soko huria sikuipata Marekani. Nimezaliwa Tanga, nikakua wakati sabuni ya kufulia ilipangiwa foleni. Nakumbuka mama akiniamsha alfajiri nikashike nafasi, na nakumbuka kurudi mikono mitupu. Kisha akaja Mzee Mwinyi mwaka 1985, milango ya biashara ikaanza kufunguliwa, watu wakamwita Mzee Ruksa. Mama alipata mtaji kwa dada yake, akanunua nusu balo la mitumba, akatandika turubai. Ile turubai ndiyo iliyonisomesha. Hakuna aliyempa mama kitu. Walichofanya ni kuacha kumzuia, na mama alijua la kufanya. Hilo ndilo somo langu la uchumi mpaka leo, na wasomi walionifundisha mengine baadaye waliongezea tu maneno.

Nilifika Dallas mwaka 2003. Kazi niliyokuwa naiweza ni kusuka. Mwaka 2007 Texas iliweka cheti maalumu cha ususi cha mafunzo ya saa 35, nilikipata, sikulalamika. Shida ilikuja nilipotaka kufungua darasa la kuwafundisha wasichana. Sheria ilitaka shule ya vinyozi kamili: nafasi isiyopungua futi za mraba 2,250, viti kumi vya kuegemea nyuma, na masinki matano ya kuoshea nywele. Anayesuka rasta haoshi nywele za mtu kwenye sinki. Nilipiga hesabu ya kodi na mabomba, nikaifunga daftari.

Hapo hapo Dallas alikuwepo mwanamke aitwaye Isis Brantley, ambaye mwaka 1997 alikamatwa kwa kosa la kusuka bila leseni. Hakukata tamaa. Mwaka 2013 aliishtaki Texas kwa masharti yale yale ya shule, akitetewa na mawakili wa shirika la Institute for Justice, na Januari 2015 jaji wa shirikisho akampa ushindi. Miezi michache baadaye bunge la Texas likapitisha sheria ya kuondoa leseni ya ususi kabisa, bila kura hata moja ya kupinga, na gavana akasaini Juni. Mwezi huo huo Mahakama ya Juu ya Texas ikaamua kwamba kumlazimisha anayenyoa nyusi kwa uzi asome saa 750 ni kinyume cha katiba. Mama wa Kihindi aliyekuwa na duka mlango wa tatu kutoka kwangu alikuja na sahani ya peremende. Tulikumbatiana pale nje, hatujui hata majina yetu kamili.

Siku ile niliamua kwamba mambo haya nitayafanyia kazi. Nilishakuwa raia tangu 2012. Nilitafuta wahafidhina wa eneo langu wanakutana wapi, nikawakuta ukumbi wa nyuma wa mgahawa mmoja, Jumanne ya pili ya mwezi. Watu kama ishirini, wengi wazee, mimi peke yangu mweusi na mimi peke yangu mwenye kanga begani. Walisali, wakaapa mbele ya bendera, wakajadili kodi ya nyumba kwa saa nzima. Nilitaka kuondoka. Bahati nzuri sikuondoka, kwa sababu Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, na mzigo mkubwa unaangukia nyumba na ardhi. Wale wazee walikuwa wanajua kiwango cha kodi cha kila wilaya ya shule na kila wilaya ya maji. Ndio walionifundisha kwamba makadirio ya thamani ya nyumba yanaweza kupingwa, kwa kawaida kabla ya tarehe 15 Mei. Nimeshawasaidia majirani wengi kujaza fomu ile tangu hapo, na hakuna mlango ulionifungukia kirahisi kama huo.

Sasa nieleze nilivyoshindwa.

Kampeni ya 2018 niliigharimia mwenyewe, dola 1,900 hivi, pesa ambazo mume wangu alikuwa ameziweka kwa ajili ya paa. Nilimwambia baada ya kuzitumia. Hilo ndilo kosa nililolijutia kuliko mengine yote, na hatukuongea vizuri karibu mwezi. Ukitaka kuingia kwenye kazi hii, kaeni chini na mwenzio mkubaliane kiasi, mkiandike, na kikiisha kiwe kimeisha.

Dola 780 ziliishia kwenye mabango ya bustani. Mtu mmoja akaniuliza kama chama cha wenye nyumba wa mtaa wake kitamruhusu kuliweka; sikuwa na jibu. Baadaye nilijua kwamba sheria ya Texas inamlinda mwenye nyumba kuweka bango la siasa kuanzia siku 90 kabla ya uchaguzi mpaka siku 10 baada yake. Kama ningelijua mapema ningepata nyua nyingi zaidi. Nilichapisha pia vipeperushi 600, na Jumamosi moja mimi na binti yangu tukavitia kwenye masanduku ya barua ya mtaa mzima. Hairuhusiwi. Sanduku la barua ni la posta tu, na kutia karatasi isiyo na stempu ni kosa kwa sheria ya shirikisho. Mpeleka barua alinifuata saluni na mfuko, akanirudishia kwa upole, akaniambia safari nyingine ataandika ripoti. Niliona aibu kubwa mbele ya mteja aliyekuwa nusu kichwa. Kipeperushi kinachomekwa mlangoni au kinatiwa mkononi.

Lakini mabango na masanduku hayakuniangusha. Kilichoniangusha ni kwamba nilipiga hodi bila orodha. Nilianza nyumba ya kwanza ya barabara nikaenda mpaka ya mwisho, kila jioni baada ya kazi, miguu imevimba. Texas mtu hajiandikishi kwenye chama. Anachagua siku ya kura za maoni anataka karatasi ya chama gani. Ila kumbukumbu hubaki kwamba alishiriki kura za maoni za chama fulani mwaka fulani, na orodha hiyo inapatikana. Prisinti yangu ilikuwa na wapiga kura wapatao elfu tatu. Walioshiriki kura za maoni za Republican mara mbili zilizotangulia hawakufika mia nne. Mimi nilikuwa nazungumza na wale elfu mbili na ushee, nikinywa chai yao, nikisifiwa, nikirudi nyumbani na furaha.

Na nikiwa mlangoni nilikuwa nahutubia. Nilizungumza habari za ujamaa, foleni za Tanga, uhuru wa soko, serikali ndogo. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya jeshi la majini alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bibie, nakubaliana na yote. Je, unajua ni kwa nini taa ya barabarani pale kona haijawaka tangu Agosti?" Sikujua. Wala sikuwa nimeiona.

Tarehe 6 Machi 2018 nilipata kura 118. Mpinzani wangu, aliyekuwa anashikilia nafasi ile, alipata 161.

Nililia kwenye gari, nikajifuta, nikaenda kumpa mkono. Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mwenye sauti ya chini. Akaniambia, "Wewe umeleta watu ambao sijawahi kuwaona kwenye kura za maoni. Njoo Alhamisi nikuonyeshe daftari langu." Nilikwenda. Mezani kwake kulikuwa na kadi za karatasi ngumu, zimepangwa kwa barabara, kila nyumba na kadi yake: nani anaishi, mbwa mkali au mpole, nani anahitaji lifti siku ya kura, nani asipigiwe simu wakati wa mechi. Kadi nyingine zilikuwa na maandishi ya wino wa rangi tatu, kwa sababu aliziandika kwa miaka tofauti. Alinisimulia kwamba akiwa kijana alibisha hodi kwa ajili ya Ronald Reagan, wakati Reagan alipomshinda Rais Gerald Ford kura za maoni za Texas tarehe 1 Mei 1976 na kuzoa wajumbe wote walioshindaniwa siku ile. Mwaka huo Reagan hakupata uteuzi wa chama. Alipata urais miaka minne baadaye. "Kadi hazikutupwa," mzee alisema.

Nikawa msaidizi wake miaka miwili. Nilihamishia zile kadi kwenye kompyuta, yeye akiendelea na za mkono. Nilijifunza kuuliza swali moja mlangoni kisha kunyamaza. Nilijifunza kwamba mtu akitaja jambo lake, unaliandika mbele yake, na ukirudi unaanza na hilo. Taa ya kona ilichukua simu nne na barua moja.

Mwezi ule ule wa Machi 2018 nilihudhuria pia mikutano ya chama inayofuata kura za maoni. Hili wengi hawalijui: ukishapiga kura za maoni za chama, una haki ya kuingia mkutano wa prisinti yako, hata kama ulishindwa, hata kama hujawahi kuonekana. Unaweza kupeleka azimio, likipita linapanda mkutano wa wilaya, likipita linaelekea ilani ya jimbo. Nilikwenda na azimio la kurasa tatu kuhusu leseni za kazi. Nililisoma lote. Walipoulizwa nani analiunga mkono, ukumbi ulikaa kimya, nikakaa nalo mapajani. Hawakuwa wabaya; nilikuwa nimewachosha, na sikuwa nimezungumza na mtu yeyote kabla. Mwaka 2022 nilikwenda na mistari mitano, nakala hamsini, na watu tisa walioahidi kusimama. Walisimama saba. Lilipita wilayani, na mimi nikachaguliwa mjumbe wa mkutano mkuu wa jimbo Houston mwezi Juni. Jiandae: hoteli, mafuta na ada vilinila karibu dola 900, na wiki nzima saluni ilikuwa imefungwa.

Kosa la kusema sana nililirudia Austin mwaka 2019. Bunge la Texas hukaa kila miaka miwili, siku 140 tu, kwa hiyo mambo huenda mbio. Kulikuwa na kikao cha kamati kuhusu mswada uliogusa leseni za kazi, na mwananchi yeyote anaweza kutoa ushahidi. Niliondoka nyumbani saa kumi alfajiri, nikajiandikisha kwenye mashine iliyoko ndani ya jengo la bunge, unabonyeza kama unaunga mkono, unapinga, au unatoa maelezo tu. Nilidhani nitaitwa asubuhi. Niliitwa saa mbili usiku. Nilikuwa nimekula biskuti na maji tu, nikiogopa kutoka nisije nikapitwa. Nikakaa mbele ya kipaza sauti na kurasa zangu nne, nikaanza na shukrani, nikaeleza historia ya leseni, na kabla sijafika kwenye darasa langu la ususi nililoshindwa kufungua, muda ukaisha. Mwenyekiti alinishukuru. Wajumbe wawili walikuwa wanaandika kwenye simu zao. Niliendesha kurudi usiku ule karibu maili 200, sikuwasha redio.

Dakika mbili zinatosha kama utaanza na maisha yako: mimi ni nani, nilitaka kufanya nini, sheria ilinizuia wapi, naomba mfanye hiki. Maandishi marefu wape karani wa kamati kabla ya kikao. Mwaka ule bunge lilipunguza saa za mafunzo ya leseni ya urembo kutoka 1,500 hadi 1,000. Wengi walikuwa wameifanyia kazi, mimi nilikuwa sauti moja iliyokatika katikati, na bado nilifurahi kama nimejifungua.

Mwaka 2020 yule mzee hakugombea tena. Nikaingia bila mpinzani.

Kuna gharama ambayo haikuandikwa kwenye daftari la pesa. Jumuiya yetu ya Waswahili hapa ni ndogo, tunazikana na kuozana. Habari ziliposambaa kwamba mimi ni kiongozi wa Republican, mama mmoja niliyemsuka kwa miaka kumi aliacha kuja. Kwenye arusi, mezani, kaka mmoja alisema mbele ya watu kwamba nimewauza wahamiaji wenzangu. Niliumia sana. Na upande wa pili, kwenye mkutano mmoja, mtu aliniuliza kama kweli mimi ni raia, nami nimevaa beji ya ujumbe shingoni. Nilimjibu ndiyo, nikamwuliza yeye ametokea prisinti gani. Prisinti aliyoitaja ilikuwa haina mwenyekiti. Kuhusu wahamiaji nina maneno ambayo wenzangu wengi chamani hawayapendi, na nayasema humo humo ukumbini. Nilichelewa kujifunza kuyasema. Miaka miwili ya mwanzo nilikaa kimya nikidhani nitafukuzwa. Hakuna aliyenifukuza, na walionijia baadaye kuninong'oneza "hata mimi naona hivyo" walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea.

Yule mama alirudi baada ya miaka mitatu. Alikaa kwenye kiti, akasema, "Nisuke twende kilioni, na siasa usinisemeshe." Nilimsuka.

Jambo moja nawasihi wote, wa chama chochote. Kama hujawa raia, usijiandikishe kupiga kura, hata mtu akikuambia haina shida. Unapochukua leseni ya udereva utaulizwa kama unataka kuandikishwa. Soma swali hilo polepole, jibu ukweli. Kudai uraia ambao huna kunaweza kukutoa nchini. Mwenye grinikadi anaweza kujitolea kwenye kampeni na hata kuchangia pesa yake, ila kura asubiri. Nimemwona kijana mmoja akihangaika na mawakili kwa sababu ya kisanduku kimoja alichokitia alama bila kujua.

Ndiyo maana nilichukua mafunzo ya uandikishaji wa kujitolea. Kaunti inakuteua, uteuzi unakoma tarehe 31 Desemba ya kila mwaka wa shufwa, na ukiwa kwenye kazi hiyo unamwandikisha kila anayestahili, wa mrengo wako na asiye wa mrengo wako. Fomu ukiipokea una siku tano kuifikisha, na mtu awe ameandikishwa siku 30 kabla ya uchaguzi.

Jumamosi iliyopita alikuja dada wa Kikongo anayesuka kwenye kiti cha pili pale kwangu. Alikuwa ameapa uraia Alhamisi. Alileta cheti chake kwenye bahasha ya kaki, ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya kitambaa. Tulijaza fomu juu ya meza ya jikoni, tumesogeza sufuria ya wali pembeni. Alipofika kwenye sahihi alisita, akaniuliza kwa Kiswahili cha Bukavu kama akishaandika wataweza kujua atakachochagua. Nikamwambia hapana, hakuna atakayejua, hata mimi. Akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, akapuliza wino. Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua saluni, niliipeleka.